Mama Amekubali Nusu

Baba,

Nimehitimu. Jina langu limesomwa lote ukumbini, na lako likafuata nyuma yake kama inavyostahili, na yule mama aliyekuwa akisoma majina, ambaye langu lilimshinda, lako alilitamka vizuri kana kwamba mlisoma darasa moja Tanga. Cheti kiko hapa mezani, kando ya kikombe cha chai. Ningeweza kukuandikia juu ya cheti peke yake na barua ikatosha, maana unajua jinsi ninavyojipenda. Lakini kuna habari kubwa zaidi, na tangu jana imenikaa kifuani kama mtu aliyebanwa na kicheko msikitini.

Mama ametoka nyumbani. Ametoka, Baba! Na ametoka kwa kunibishia.

Nianze pale ulipotuachia. Tulikuzika tukiwa wachache, kama amri za corona zilivyotaka, tumesimama tumeachana nafasi kaburini kana kwamba tumegombana. Waliokupenda hapa Sydney, Fairfield na kwingineko, walikusalia kila mtu sebuleni kwake. Mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, na hilo ni haki yako na yake. Kilichonitia hofu ni kilichofuata. Eda ilikwisha na hakuna aliyeiona ikiisha. Alivua nguo za eda, akavaa za kawaida, akarudi kukaa palepale, kwenye kiti cha jikoni kinachotazama ua wa jirani. Serikali ikawafungulia watu milango, yeye akabaki. Kule kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akihudumu walimpigia simu mara nyingi, hakupokea. Mjomba Hamadi akawa anatuletea vitu kutoka sokoni, anaviweka kizingitini, anabisha hodi na kurudi nyuma hatua kadhaa.

Mjomba ndiye aliyenipa amri. Siku moja alinivuta pembeni, barakoa imemshuka chini ya pua kama kawaida yake, akaniambia, "Idrisa, mdomo wako wa chuoni uuache chuoni. Mamako usimbishie. Ana moyo wa yai sasa hivi."

Nikamtii. Mimi, Baba! Mimi niliyembishia mwalimu wa madrasa mpaka akafunga kitabu, niliyewabishia maprofesa kwenye kioo cha kompyuta mwaka mzima huku sauti yangu ikikatikakatika kwa sababu ya intaneti ya hapa Minto. Nyumbani nikawa bubu wa hiari. Mama akisema chakula hakina ladha, ndiyo Mama. Akisema baridi imezidi nami natokwa na jasho, kweli Mama. Tulimzungushia kukubali kwetu kama blanketi, mimi, Mjomba, hata mdogo wangu Rukia, ambaye amefikisha umri ule wa kumpinga mtu hata kabla hajafungua kinywa. Na kadiri tulivyomkubalia ndivyo alivyozidi kufifia. Sikuelewa. Nilisoma vitabu juu ya msiba, vinene, vya watu wenye majina marefu, na hakuna hata kimoja kilichonieleza jambo ambalo lilikuwa wazi kwa yeyote aliyewahi kula mezani petu: kwamba wewe na Mama mlikuwa mkibishana kama watu wengine wanavyosikiliza redio. Chumvi imezidi, haijazidi. Mchele umeoshwa, haujaoshwa. Basi hili linafika upesi, hapana lile. Mkiondoka kwa watu waliowaalika, mlikuwa mkibishana njia nzima kama mlialikwa saa sita au saa saba, na mnafika nyumbani mmeshikana mikono.

Sasa nikukumbushe Hoorn.

Nakumbuka majira ya mapukutiko ya majani kule Uholanzi kwa pua kabla ya macho. Ulikuwa ukirudi kutoka mashambani kupanda vitunguu vya maua, unanuka udongo uliolowa, unaacha buti zako za mpira mlangoni, na Mama anakupokea kwa neno lilelile: "Hizo buti zimeleta nusu ya Uholanzi ndani." Wewe ukijibu kwamba nusu nyingine inakuja kesho. Madirisha yalijaa mvuke. Baiskeli zilianguka kwa upepo, zote kwa mpigo, kama watu waliosalimu amri. Siku ile nchi nzima inaporudisha saa zake nyuma ulikuwa ukizunguka nyumba nzima na kiti, unapanda, unashuka, unasahau ile ya jiko, na wiki nzima Mama anapika kwa saa za zamani na kukataa kuzibadili kwa sababu, alidai, tumbo halirudishwi nyuma.

Na taa za karatasi! Mwezi wa kumi na moja, watoto wa mtaa wakienda nyumba kwa nyumba na vitaa vyao wakiimba, wakipewa peremende. Mama alikataa nisiende. Alisema ni sikukuu ya mtakatifu wao. Ukamwambia, "Mtoto ataimba nyimbo mbili za mbwa na ng'ombe, atarudi na mfuko wa pipi. Dini gani hiyo yenye ng'ombe na pipi?" Akasema dini huanza hivyohivyo, kidogokidogo. Mkabishana mpaka kukaingia giza, na giza lilipoingia nilikuwa tayari nimetoka na taa yangu, nanyi wawili mko nyuma yangu barabarani, mmejifunga skafu, bado mnaendelea.

Halafu kastanje. Nani anaweza kusahau kastanje za mwaka wetu wa kwanza? Uliziokota kwenye bustani ya mji, mfuko mzima, kokwa za kahawia zinang'aa kama viatu vya harusi. Hukumuuliza mtu. Ulizitazama ukaona kokwa za fenesi, na mtu wa Tanga akiona kokwa za fenesi anajua la kufanya: maji, chumvi, moto. Ulituketisha, ukagawa kwa heshima, ukasema Bismillahi. Na uchungu ule, Baba! Mama alikimbilia bomba la maji. Mimi nililia. Wewe ulitafuna yako mpaka mwisho, machozi yanakutoka, ukasema, "Zinahitaji nazi tu." Jirani yetu, yule bibi wa ghorofa ya chini, ndiye aliyekuja kutueleza kwamba hizo ni za farasi, tena zinadhuru, na kwamba za kuliwa ni nyingine, zenye ncha kama mkia na maganda ya miiba mirefu. Jumapili iliyofuata akatupeleka msituni kuziokota. Tangu hapo ikawa ada yetu kila mwaka: msitu, buti, mfuko, na usiku Mama anazipika kwa nazi na sukari kidogo, kwa sababu wewe, mtu wa ajabu, ulikuwa umepatia kuhusu nazi.

Tulipohamia Sydney ulikasirishwa na miti. Nakuona umesimama chini ya mkaratusi mbele ya nyumba yetu Minto, mikono kiunoni: "Miti gani hii, inavua ngozi na kubaki na nguo?" Miaka yote ile ulikuwa ukitafuta mapukutiko yako. Kisha mwenzako wa kazini akakuambia kwamba huko juu milimani, Blue Mountains, wako wakulima wenye mikastanje, na kwamba ifikapo mwezi wa nne huruhusu watu waingie waokote wenyewe. Ulirudi siku hiyo unapiga mluzi. Ulisafisha buti. Halafu tukaambiwa sote tubaki majumbani, shamba likafungwa, nawe ukazirudisha buti kabatini ukasema, "Si kitu. Mwakani."

Mwakani, Baba.

Niache kidogo. Nimerudi.

Basi mwakani imefika. Mwezi wa nne huu uliopita, wiki moja hivi kabla ya Ramadhani, chuo kilikuwa kimetuandikia kwamba kila mhitimu ana viti viwili tu vya wageni. Mama alikuwa amekwisha kuamua, bila hata kuacha kuchambua maharage: "Mpeleke Mjomba wako na Rukia. Mimi mtanisimulia." Nikasema, sawa Mama. Nikaingia bafuni, nikafungua maji yatiririke, nikakaa ukingoni mwa bafu. Miaka mitatu na nusu ya kusoma, na nimesema sawa Mama. Nilijua kwamba kama siku ile haitamtoa nje, basi sijui siku gani itamtoa.

Sikuwa na mpango wowote. Ningependa kudai kwamba nilikuwa nao, lakini wewe ungecheka. Jioni moja tukila, nilisema tu kwamba kesho nitakwenda na Rukia milimani kuokota kastanje, maana mapukutiko yamefika.

Mama hakuinua uso. "Mapukutiko ni Oktoba."

Ile "ndiyo Mama" ilikuwa imefika mpaka kwenye ulimi wangu. Naapa ilikuwa imefika. Lakini mimi ni mtu wa jiografia, Baba, nina shahada ya jambo hilo hasa, na kuna mambo ambayo mwili hauwezi kuyameza. Nikasema, "Hapana, Mama. Si Oktoba."

Rukia akaacha kutafuna.

Nikamweleza. Nilitumia chungwa na kijiko. Nikamwonyesha dunia ilivyoinama, upande huu ukipata jua upande ule unapoa, na kwamba kalenda ni mapatano ya watu lakini jani halisomi kalenda. Mama akanitazama kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, akanitazama hasa, kama mtu anayepima samaki.

"Sikuulizi dunia imeinama wapi, Bwana Shahada. Nakuuliza baridi iko wapi. Nimevaa kanga moja hapa."

Nikasema baridi iko juu milimani. Akasema mapukutiko hayafuatwi kwa gari, yanakuja yenyewe mlangoni. Nikasema hiyo si hoja, hiyo ni hisia. Akasema, "Hisia! Mtoto niliyemvalisha soksi mbilimbili ananifundisha hisia!" Sauti zikapanda. Rukia akainuka akafunga dirisha, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba Mjomba ataniua. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimenoga, Baba. Damu ilikuwa ikinizunguka. Na Mama, Wallahi, Mama alikuwa amesimama, mwiko mkononi.

Ndipo alipotoa hoja yake, na nakuletea neno kwa neno kwa sababu sijakutana na nzuri kuliko hiyo chuoni. Alisema, "Wewe unahesabu majani. Mapukutiko si majani. Mapukutiko ni watu kurudi ndani. Baba yako anaingia na mvua yake, mlango unafungwa, nyumba ina joto kwa sababu sote tumo. Hayo ndiyo mapukutiko. Sasa niambie, huko milimani kwako yako?"

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Lakini jibu lilikuja lenyewe, nami sijawahi kulinyima jibu mlango.

Nikasema, "Basi kama ni kurudi ndani, Mama, sisi tumekuwa kwenye mapukutiko mwaka mzima. Na hakuna mwaka wenye majira mamoja."

Alinitazama. Akaweka mwiko chini, taratibu, akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Rukia alianza kulia. Mimi niliosha vyombo vyote, hata vile visafi, nikiwa na hakika kwamba nimelivunja lile yai la Mjomba.

Asubuhi tulipotoka na mifuko, alikuwa amekwisha kaa kwenye gari.

Kiti cha mbele. Buibui, mkanda wa usalama umefungwa, na miguuni, Baba, buti zako za mpira, zimemzidi kiasi kwamba magoti hayakuweza kukunjika sawasawa. Hakunitazama. Alisema, "Nakuja kukuonyesha kwamba hayo si mapukutiko. Na nyinyi peke yenu mtaniletea za farasi."

Niliendesha gari kama mtu aliyebeba mitungi ya maji. Tulipoanza kupanda, hewa ikabadilika. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, na nyumba za mbao kule juu zilikuwa na moshi kwenye mabomba yao, na miti, Baba, miti ya kweli, iliyoletwa na watu waliokumbuka kwao kama wewe, myekundu, ya njano, ya rangi ya mdalasini. Nilimwona Mama kwa pembeni akiihesabu kama mtu anayetafuta kasoro.

Shambani majani yalikuwa yamejaa chini hadi kwenye vifundo vya miguu. Maganda ya miiba yalilala kila mahali kama kalunguyeye waliojikunja. Rukia aliyagusa kwa kidole akapiga kelele. Mama alimsogeza, akaweka buti yako juu ya ganda, akalibingirisha kidogo, akakandamiza kwa kisigino, na kastanje tatu zikaruka nje zinang'aa. Akaliendea jingine. Na jingine. Nilisimama na mfuko wangu nikimtazama akienda kwa mwendo wa bata katika buti zile, akivunja, akiinama, akikagua ncha, akitupa zenye tundu la mdudu, akiongea peke yake. Kule mbele alikutana na mzee mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa na kapu, na nilipofika walikuwa tayari wanabishana. Mzee alikuwa akimwonyesha kwa kisu kwamba kabla ya kuchoma zikatwe msalaba. Mama alisema mkato mmoja unatosha, msalaba unakausha. Mzee akasema kijijini kwao ndivyo wanavyofanya. Mama akasema kijijini kwao wana haraka. Kisha, Baba, akiwa bado ameshika kastanje ya mzee wa watu, akamsimulia habari zako. Habari za bustani ya Hoorn, chumvi, Bismillahi, na wewe ukitafuna mpaka mwisho machozi yakikutoka. Alisimulia kwa Kiingereza kilichokosa nusu ya maneno na mikono ikajazia iliyobaki. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Na Mama naye akacheka. Nilijificha nyuma ya mti, maana sikutaka anione usoni na kupata hoja nyingine dhidi yangu.

Tulipokuwa tunaondoka alisimama mlangoni mwa shamba, akapuliza pumzi, akautazama mvuke wake hewani.

"Majani nakubali," alisema. "Baridi nakubali. Lakini giza la saa kumi liko wapi? Mvua ya ubavuni iko wapi? Nakupa nusu."

Nilimwambia nusu inatosha. Akaniambia nisichukue zaidi ya nilichopewa.

Asubuhi ya Idi, Mjomba Hamadi alikuja kutuamkua, amevaa koti lake la kahawia. Mama alimtazama kutoka juu hadi chini, akageuka kwangu akasema, "Kwa koti hili huyu hawezi kukaa mbele ya maprofesa. Nitakwenda mimi." Mjomba alianza kulitetea koti lake, kisha akaelewa, akaanza kujipangusa macho kwa barakoa.

Sasa jana. Ukumbini tulitangaziwa kwamba kwa sababu ya corona watu wasishangilie kwa sauti, wapige makofi tu. Wote walitii. Majina yakapita na makofi ya adabu, kama mvua ndogo. Likasomwa langu, likafuata lako, na kutoka safu za nyuma, kupitia barakoa, kikapanda kigelegele ambacho Tanga wangekisikia. Kirefu. Kikapinda, kikarudi. Mlinzi alinyoosha mkono kumtuliza. Mama, nimesimuliwa na Rukia ambaye alikuwa amejifunika uso kwa ratiba, alimjibu kwamba tangazo limekataza kupiga kelele, na hiyo si kelele. Mlinzi akajaribu kufikiria. Alipokuwa akifikiria, Mama akapiga cha pili.

Nami pale jukwaani, Baba, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa mkuu wa chuo, nililia mbele ya watu wote na sikujali.

Tukarudi kwa treni, mimi na joho la kukodi tulilosahau kulirudisha, Mama na Rukia. Mama akaniuliza hasa ni kitu gani nilichokuwa nikisoma miaka yote hii. Nikamweleza utafiti wangu, jinsi miji inavyoongeza joto na jinsi miti inavyolipunguza. Akasema kwao Mwembeni kila mtu anajua hilo. Nikasema kujua si kuthibitisha. Akasema aliyekaa juani amethibitisha. Tulikuwa katikati ya hapo, yeye akipiga kidole kwenye kiganja chake na mimi nimegeuka kitini, watu wa behewa wakitutazama juu ya barakoa zao, Rukia alipotuambia, safari hii kwa Kiswahili, "Minto imepita." Tulishukia Campbelltown. Tukavuka upande wa pili kungoja treni ya kurudi, na Mama akasema kosa ni langu kwa kuwa mwenye shahada ndiye msoma vibao. Nikakataa. Tulibishana mpaka nyumbani.

Leo asubuhi amewapigia wale wa nyumba ya wazee. Nimemsikia kupitia ukuta akiwaambia zamu ya Jumatatu hapana, lakini Jumanne ataifikiria.

Baba, Mola akupe nafasi pana huko uliko, na baridi ya kiasi unachokipenda. Sitakuahidi kwamba nitamtunza Mama vizuri, maana amekataa kutunzwa. Nakuahidi hili: sitamkubalia tena kwa huruma. Akisema chumvi imezidi nami naona haijazidi, nitasema. Akinishinda, nitakuandikia kwamba amenishinda. Kila siku, kwa heshima zote, nitambishia.

Mwanao,
Idrisa